Mother India: mama aliyegeuzwa taifa

Mwezi Oktoba mwaka 1957, miaka 10 baada ya India kujipatia uhuru, ilianza kuonyeshwa mjini Bombay filamu ya karibu saa tatu iliyosimulia maisha ya mwanamke mkulima, deni lake, na wanawe wawili. Filamu hiyo, Mother India, yaani Mama India, haikuchukua muda kuvuka mipaka ya burudani. Kwa mamilioni ya Wahindi imekuwa kisasili cha taifa: hadithi ambayo watu hujisimulia ili wajue wao ni nani, walitoka wapi, na ni gharama gani iliyolipwa hadi wakafika walipo.

Ni filamu inayofahamika pia mbali na India. Kizazi kilichokulia katika miji ya mwambao wa Afrika Mashariki, enzi ambazo sinema ya Kihindi ilikuwa sehemu ya maisha ya kila wiki, kinamjua mama huyu anayevuta jembe la ng'ombe kwa mabega yake mwenyewe.

Swali ambalo filamu hii imeliacha wazi kwa zaidi ya miaka 60 ni hili: taifa linapojifananisha na mama, ni nani hasa anayetolewa mhanga?

Kisa chenyewe

Filamu inaanzia mwisho wake. Ajuza mmoja, Radha, anaombwa na wanakijiji wenzake kuuzindua mfereji mpya wa kumwagilia mashamba. Anavishwa shada la maua, naye kwa kunusa harufu yake anakumbuka siku ya harusi yake, na hapo ndipo kisa kinaporudi nyuma.

Radha, anayeigizwa na Nargis, anaolewa na mkulima kijana, Shamu. Kumbe harusi ile ya fahari ilifanywa kwa mkopo. Mavyaa wake alikopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa riba wa kijijini, akaweka shamba rehani. Mama huyo hakujua kusoma, akatia alama ya kidole gumba. Sukhilala anadai kwamba mapatano yalikuwa robo tatu ya mavuno kila msimu, na hiyo ni riba tu. Wazee wa kijiji wanaketi, wanalitazama daftari, na kwa kuwa daftari ndilo lenye maandishi, wanampa ushindi mkopeshaji.

Tangu hapo kila jitihada ya kujikomboa inageuka msiba. Shamu anajaribu kulima ardhi yenye mawe ili apate zaidi, jabali linamwangukia na kuipondaponda mikono yake. Kwa aibu ya kulishwa na mkewe, na kwa kejeli za Sukhilala, anatoka nyumbani usiku na harudi tena. Mavyaa anafariki. Mafuriko yanaizoa mimea na kuchukua uhai, na Radha anabaki na wavulana wawili, Ramu na Birju, wenye njaa.

Sukhilala anamtaka kimwili badala ya chakula. Radha anafika hadi mlangoni mwake kwa ajili ya wanawe, lakini mbele ya sanamu ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema, anapata nguvu ya kukataa na kumshambulia. Baadaye, wanakijiji wanapofunga mizigo kuhama, ni yeye anayewaita warudi kuilima ardhi.

Wana wanakua. Ramu, mtulivu, anamfuata mama yake shambani. Birju hasahau. Anataka kulipiza kisasi, na hasa anataka kurudisha bangili za mama yake zilizowekwa rehani kwa Sukhilala. Anaishia kuwa jambazi. Siku ya harusi ya binti wa Sukhilala anavamia kijiji, anayachoma madaftari ya madeni, anamuua mkopeshaji na kumteka binti yake. Radha anasimama njiani na bunduki. Heshima ya binti wa kijiji, kwake, ni heshima ya kila mwanamke wa kijiji. Anafyatua risasi, na mwanawe anafia mikononi mwake akiwa ameshika bangili zile.

Filamu inarudi kwenye mfereji. Ajuza anaifungua njia ya maji, na maji yanapita mekundu kama damu, kabla ya kutakata na kuelekea mashambani.

Jina lililokuwa tusi

Mwaka 1927 mwandishi wa Kimarekani, Katherine Mayo, alichapisha kitabu kwa jina hilohilo, Mother India. Kilieleza hali ya wanawake wa India, ndoa za utotoni na uchafu, kwa namna iliyokusudiwa kuonyesha kwamba watu wa nchi hiyo hawakustahili kujitawala. Kiliwaghadhibisha wazalendo wa kila mrengo. Gandhi mwenyewe alikijibu kwa maandishi makali, na vitabu kadhaa vilitungwa kukipinga.

Kwa hiyo ilipojulikana katika miaka ya 1950 kwamba filamu inatengenezwa Bombay kwa jina hilo, maofisa wa serikali mjini Delhi waliingiwa na wasiwasi. Mwaka 1955 waliomba kuuona mswada kabla ya kazi kuendelea. Watengenezaji walieleza kwamba jina lilichaguliwa kwa makusudi: kulipokonya tusi na kuligeuza sifa.

Lakini jina hilo lilikuwa na mizizi mirefu kuliko kitabu cha Mayo. Fikra ya nchi kama mama, Bharat Mata, ilienea Bengal tangu mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1905 mchoraji Abanindranath Tagore alimchora mama huyo kama mtawa mwenye mikono minne. Mwaka 1936 Gandhi alizindua mjini Varanasi hekalu la Bharat Mata ambalo ndani yake hamna sanamu ya mungu yeyote. Mna ramani ya India iliyochongwa kwa marumaru. Kilichokuwa kikiabudiwa humo kilikuwa ardhi yenyewe.

Mkono wa Mehboob Khan

Aliyeitengeneza filamu hii, Mehboob Khan, alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo ambalo leo linaitwa Gujarat. Hakupata elimu ya maana ya shuleni. Alikimbilia Bombay akitaka kuwa mwigizaji, akaanza katika enzi ya filamu zisizo na sauti kama mmoja wa watu wa kujaza picha, hadi akawa mwongozaji na mwenye studio yake katika kitongoji cha Bandra. Nembo ya kampuni yake ilikuwa nyundo na mundu, lakini iliambatana na beti la Kiurdu lililokiri kwamba mwenye kuamua ni Mungu. Mkanganyiko huo, wa mapinduzi na majaaliwa kukaa pamoja, umeenea katika filamu yake kubwa yote.

Kisa hiki alikuwa amekwishakisimulia mara moja. Mwaka 1940 alitengeneza Aurat, maana yake Mwanamke, iliyokuwa na mama, deni, mkopeshaji na mwana mwasi. Hata mwigizaji wa Sukhilala, Kanhaiyalal, ni yuleyule katika filamu zote mbili. Kati ya mwaka 1940 na 1957, hata hivyo, mambo mawili yalitokea: uhuru, na kugawanywa kwa nchi. Katika toleo la kwanza mwanamke alikuwa mwanamke. Katika la pili, kwa rangi, nyimbo na umati wa watu, akawa India.

Na hapa kuna jambo ambalo halikosi kutajwa kila filamu hii inapojadiliwa. Kisasili hiki, kilichojaa majina na alama za dini ya Kihindu, kilitengenezwa kwa sehemu kubwa na Waislamu. Mehboob Khan alikuwa Mwislamu. Naushad, aliyetunga muziki, alikuwa Mwislamu, na kadhalika Shakeel Badayuni aliyeandika maneno ya nyimbo. Nargis mwenyewe alilelewa katika nyumba ya Kiislamu. Hawa ni watu waliobaki India baada ya mwaka 1947, mwaka ambao zaidi ya watu milioni 10 walihama makwao kwa sababu ya dini zao. Kwao, kumtengeneza mama wa taifa kulikuwa pia njia ya kusema kwamba mama huyo ni wao vilevile.

Familia moja, taifa zima

Mehboob Khan na waandishi wake, Wajahat Mirza na S. Ali Raza, waliifanya nyumba moja ya matope ibebe nchi nzima kwa njia kadhaa.

Ya kwanza ni majina. Radha ni jina la mpenzi wa Krishna katika masimulizi ya kale. Shamu na Birju ni majina yatokanayo na yale ya Krishna huyohuyo, na Ramu linatokana na Rama, mfalme mwadilifu. Mtazamaji wa Kihindu hakuhitaji kuelezwa kwamba ndugu hawa wawili, mtiifu na mtundu, walikuwapo kabla ya sinema.

Ya pili ni ardhi. Radha anapakwa matope, analala katika matope, anapanda na kuvuna katika matope, hadi mwili wake na shamba vinakuwa kitu kimoja. Baada ya mavuno mema, wakulima wanajipanga uwanjani katika umbo la ramani, nayo ni India ya kabla ya kugawanywa. Miaka 10 baada ya Pakistan kuzaliwa, filamu inaiunganisha tena nchi kwa miili ya wakulima, bila kusema neno.

Ya tatu ni mfereji na mashine. Picha za mwanzo zinaonyesha matrekta na mabwawa, na hiyo ni India ya Jawaharlal Nehru, aliyeyaona mabwawa makubwa kuwa mahekalu ya zama mpya. Waziri Mkuu huyo, pamoja na Rais Rajendra Prasad, waliitazama filamu hiyo Delhi ilipotoka. Mwaka 1964 Nehru alifariki tarehe 27 Mei, na Mehboob Khan akafariki siku iliyofuata.

Bunduki ya mama

Wako wanaoitazama filamu hii kama wimbo wa sifa kwa dola. Maji mekundu yanaitatiza tafsiri hiyo. Mfereji unapofunguliwa, anachokiona Radha ni damu ya mwanawe. Maendeleo yamekuja, lakini hayakuja bure, na aliyeyalipia ni mama mmoja kwa mkono wake mwenyewe.

Waswahili husema mchelea mwana kulia hulia yeye. Radha hakumchelea mwanawe, na bado alilia yeye. Hapo ndipo filamu inapomwacha mtazamaji na swali gumu. Birju ni mhalifu, lakini katika kijiji kizima ndiye peke yake aliyelitazama daftari la Sukhilala na kuliita wizi. Wazee walilikubali, Ramu alilivumilia, mama alililipa. Anapoyachoma madaftari, majumba ya sinema yalikuwa yakishangilia. Na bado sheria inayomhukumu ndiyo hiyohiyo iliyompokonya baba yake shamba.

Taifa jipya la mwaka 1957 lilihitaji mtu wa kumkomesha mwasi, na lilimpa kazi hiyo mama. Polisi hawaonekani kuwa na nguvu katika kijiji kile, wala mahakama. Utii unapatikana ndani ya familia. Wahakiki wengi, hasa wanawake, wamehoji maana yake: mwanamke anatukuzwa hadi kufikia daraja la mungu, mradi tu akubali kuumia kwa ajili ya mume, mwana, kijiji na nchi. Katika miaka hiyohiyo bunge la India lilipitisha sheria ya ndoa ya Wahindu, mwaka 1955, na ya mirathi, mwaka 1956, zilizowapa wanawake haki ya talaka na ya kurithi. Radha wa kwenye filamu hadai haki hata moja kati ya hizo. Anavumilia.

Moto wa Umra

Maisha nje ya kamera nayo yaliongeza uzito wa kisasili. Mapema mwaka 1957, wakati wa kupiga picha katika kijiji cha Umra, karibu na mji wa Surat, moto uliowashwa kwenye marundo ya nyasi kwa ajili ya filamu uliwashinda nguvu na kumzunguka Nargis. Aliyejitosa kumwokoa ni Sunil Dutt, aliyekuwa akiigiza kama Birju, naye akaungua vibaya. Nargis alimuuguza. Mwezi Machi mwaka 1958 wakaoana.

Mama na mwana wa kwenye filamu walikuwa wamezaliwa mwezi na mwaka mmoja, Juni 1929, wakipishana kwa siku tano tu, na mama ndiye aliyetangulia. Ndoa yao, kati ya mwanamke aliyelelewa katika Uislamu na mwanamume wa Kihindu, ilichukuliwa na wengi kama mfano wa India iliyokusudiwa.

Nargis alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Karlovy Vary, Czechoslovakia, mwaka 1958. Mother India ikawa filamu ya kwanza ya India kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Ilishindwa na filamu ya Mwitaliano Federico Fellini, na mara nyingi husimuliwa kwamba tofauti ilikuwa kura moja.

Mwaka 1980 Nargis aliingia katika baraza la juu la bunge. Huko alimlaumu hadharani mwongozaji Satyajit Ray kwa kuwauzia wageni picha za umaskini wa India. Wengi walistaajabu kwamba lawama hiyo ilitoka kwa mwanamke aliyepata umaarufu kwa kuvuta jembe akiwa amejaa matope. Lakini labda kwake tofauti ilikuwa wazi: umaskini wa Ray ulikuwa wa mtu binafsi, ilhali ule wa Radha ulikuwa njia ya kuelekea kwenye mfereji. Nargis alifariki mwezi Mei mwaka 1981.

Ng'ambo ya bahari

Filamu za Mehboob Khan zilisafiri. Mother India ilionyeshwa Ugiriki, Urusi, nchi za Kiarabu na sehemu nyingi za Afrika. Mjini Kano, kaskazini mwa Nigeria, ilikuwa bado ikijaza jumba la sinema katika miaka ya 1990, kwa watazamaji wa Kihausa wasiojua Kihindi.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki njia ilikuwa imekwishafunguliwa. Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam zilikuwa na majumba ya sinema yaliyomilikiwa aghalabu na Wahindi na kujazwa na watu wa kila asili. Yalikuwapo hata maonyesho ya wanawake peke yao. Nyimbo za filamu ziliingia katika taarabu, sauti za Kihindi zikavishwa maneno ya Kiswahili. Mavyaa, deni la harusi, mwana mtukutu, heshima ya nyumba: mambo hayo hayakuhitaji mkalimani.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, lenye uchungu zaidi. Deni la Radha lilikuwa na nduguye Zanzibar. Katika miaka ya 1930 wenye mashamba wengi wa karafuu, Waarabu na Waafrika, walikuwa wamezama katika madeni, na wadai wao wengi walikuwa Wahindi. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuzuia mashamba hayo yasihamie kwa wadai bila idhini. Mwaka 1937, baada ya sheria nyingine kukipa chama cha wakulima wa karafuu mamlaka juu ya biashara hiyo, wafanyabiashara wa Kihindi waliisusia, na chama cha Congress huko India kikawaunga mkono.

Congress ilikuwa na hoja yake: sheria hizo ziliwabagua watu kwa asili yao, na ziliwekwa na Waingereza. Aidha, wenye maduka wadogo wa Kihindi nao walikuwa na wadai wao. Hata hivyo, chama hichohicho ambacho miaka 20 baadaye kilijitambua katika machozi ya mkulima mwenye deni, upande huu wa bahari kilisimama na wenye madaftari. Kisasili cha taifa hukaa vizuri nyumbani. Kikivuka bahari, hukutana na watu wenye kumbukumbu zao.

Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na baada ya Idi Amin kuwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka mwaka 1972, familia nyingi zilizoitazama filamu hii Afrika zilijikuta Leicester, London au Toronto. Huko waliitazama tena katika kanda za video, wakiwa na watoto ambao hawakuwahi kuiona India wala Afrika. Kwao Mama India alikuwa mama wa nchi ambayo baadhi yao hawajapata kuikanyaga.

Kilichobaki

Sinema ya India haikuachana na Radha. Mwaka 1975 filamu ya Deewaar ilimleta tena, safari hii mjini: mama, mwana mmoja polisi, mwingine mlanguzi, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan. Ni ndugu walewale, ila shamba limekuwa bandari ya Bombay. Tangu hapo mama anayelazimika kuchagua kati ya mwana na haki amekuwa nguzo ya filamu za Kihindi.

Nje ya sinema, daftari la Sukhilala halijafungwa. Takwimu za serikali ya India zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 10,000 wanaotegemea kilimo, wakulima na vibarua wa mashambani, wamekuwa wakijiua kila mwaka katika miaka ya karibuni, na deni ni miongoni mwa sababu zinazotajwa sana. Mwaka 2020 na 2021 wakulima walipiga kambi kwenye mipaka ya Delhi kwa muda wa mwaka mzima kupinga sheria mpya za kilimo, hadi zikafutwa. Wanawake wazee walikuwa miongoni mwao.

Wao hawakuombwa kuzindua mfereji wala kuvishwa shada la maua. Walikwenda kudai. Huenda hapo ndipo penye tofauti kati ya mama wa kwenye kisasili na mama wa shambani: wa kwanza husifiwa kwa kuvumilia, na wa pili anauliza ni nani aliyeliandika daftari.